Kuchagua na Kunoa Visu vya Shepa ya Mkono

Shepa ya mkono, mashine inayochonga chuma kwa kisu kinachokwenda mbele na kurudi, haina mota ya kuficha kisu kibovu. Nguvu yote inatoka begani mwako na kupita kwenye wenzo, kwa hiyo kisu kilichonolewa vibaya unakijua kabla hata ya kukitazama: ramu, yaani mkono wa mashine unaobeba kisu, inagoma katikati ya safari yake, meza inayobeba kazi inatetemeka, na uso wa chuma unabaki kama umetafunwa. Wengi husema mashine imechakaa. Mara nyingi mashine ni nzima, shida iko kwenye milimita kumi za mwisho za kisu.

Maelezo haya yanahusu mashine ndogo kama Adept za Sheffield, Perfecto za Leicester na Drummond za Guildford, ambazo Waingereza walizitengenezea karakana ndogo, pamoja na shepa za kujiundia zenye safari isiyozidi milimita 180 hivi. Shepa kubwa ya umeme inavumilia mambo ambayo hizi hazivumilii.

Chuma cha kisu

Kabaidi, ile ncha ngumu sana lakini rahisi kumeguka, iache. Kwenye shepa kisu kinagonga chuma upya kila safari, na kabaidi haipendi kugongwa. Makali yake yanamomonyoka. Isitoshe, faida ya kabaidi ni kasi, na hapa kasi haipo. Piga hesabu: safari ya milimita 100, mara 40 kwa dakika, nusu ya muda ikiliwa na kurudi, unapata mita 8 hivi kwa dakika. Hai spidi, chuma cha visu kinachovumilia joto, kwenye kerezo (mashine inayozungusha kazi mbele ya kisu) inakata chuma laini kwa mita 25 hadi 30 kwa dakika bila kulalamika. Kwa mwendo wa mkono hata chuma cha kaboni kinatosha, na hili wengi hawaliamini mpaka walijaribu.

Chaguo la kwanza ni vipande vya mraba vya hai spidi, milimita 6 au 8. Vya milimita 10 vinafaa pia, ila utasaga chuma kingi bure. Ukikosa vipya, tafuta kwenye vyuma chakavu: mkia wa kisu cha mashine ya miling, rima (kisu cha kupanulia matundu) iliyokatika, au msumeno mpana wa mashine ya kukatia vyuma, ambao ni mzuri sana kwa kisu chembamba cha mifereji. Biti za kutobolea zina mtego wake. Biti kubwa mara nyingi ina mkia wa chuma cha kawaida uliounganishwa na mwili wa hai spidi, na ukinoa upande wa mkia utapata kisu kinacholala baada ya safari mbili.

Ukitilia shaka kipande, kiguse kwenye jiwe mahali penye kivuli utazame cheche. Hai spidi hutoa cheche chache, fupi, nyekundu iliyofifia, zisizopasuka sana. Chuma cha kaboni, kama tupa, hutoa cheche nyingi za njano nyeupe zinazopasuka kama vinyota karibu na jiwe. Chuma laini hutoa mistari mirefu ya njano yenye vinyota vichache, nacho hakifai kitu. Shika kipande unachokijua mkono wa pili ulinganishe, maana macho peke yake yanasahau rangi.

Tupa kuukuu inatoa kisu kizuri, lakini si kama ilivyo. Ni ngumu mno na itavunjika kwenye pigo la kwanza. Saga meno yote ya sehemu utakayotumia, kwa sababu nyufa huanzia kwenye mashina ya meno, kisha ing'arishe kwa msasa na uiweke kwenye oveni ya nyuzi 200 hadi 220 kwa saa moja. Ikitoka na rangi ya njano hafifu kama ya majani makavu, iko tayari. Ikifika zambarau au buluu imeshalainika kupita kiasi. Halafu kumbuka kwamba zipo tupa za bei rahisi ambazo ni ngumu ngozi tu, ndani chuma laini; cheche za katikati ya kipande zitakuambia.

Kwa nini kisu cha kerezo hakifai moja kwa moja

Kwenye kerezo kisu kinasogea pembeni huku kinakata, kwa hiyo chuma cha chini ya makali kinahitaji nafasi ya kutosha, digrii 8 hadi 10, kisisugue. Kwenye shepa meza inasogea wakati ramu inarudi. Kisu kinapokata kinakwenda mbele tu, mstari mmoja ulionyooka. Nafasi ya digrii 4 inatosha kabisa chini, na 3 ubavuni. Ukiweka 10 hupati faida yoyote. Unayaondolea makali chuma cha kuyashikilia, na kisu kinapata tamaa ya kuzama.

Tuelewane kuhusu sehemu. Kisu cha shepa kinaning'inia wima, ncha chini. Uso wake, yaani upande ambao chenga, yaani vipande vya chuma vinavyokatwa, hupanda, unatazama mbele, kule ramu inakokwenda. Nyuma ya makali, upande wa nguzo ya mashine, ni kisigino. Pembe ya nafasi ni ule mwinuko unaofanya kisigino kiwe juu kidogo kuliko makali. Pembe ya mwinamo ni jinsi uso wa kisu unavyolala kutoka kwenye makali ili chenga ichomoke badala ya kusukumwa.

Pembe ya mwinamo ndiyo inayoamua utachoka au hutachoka. Kwa chuma laini tumia digrii 15 hadi 20, ukiulaza uso kutoka ubavu unaokata kwenda ubavu wa pili. Chuma cha kusubu, 8 hadi 10. Alumini, 25 hadi 30. Shaba njano, sifuri. Vitabu vya mashine kubwa vinapenda tarakimu ndogo ili makali yadumu siku nzima. Wewe chagua ya juu, kwa sababu kunoa upya ni dakika tano na bega halinunuliwi.

Pua nayo ina lake. Kisu cha kuanzia kazi kina pua ya mviringo, na kishawishi ni kuifanya pana ili uso utoke laini. Kwenye shepa ya mkono pua yenye nusu kipenyo cha milimita 3 inagusa chuma kingi kwa mpigo, na mashine inaanza kuimba. Weka nusu kipenyo cha milimita 0.5 hadi 0.8, usizidi 1.

Kunoa kisu cha kuanzia, hatua kwa hatua

Jiwe la kijivu linalokuja na mashine ya kunolea ya milimita 150 linafaa kwa hai spidi, ingawa jeupe au la waridi linakata kwa ubaridi zaidi. Chembe namba 46 au 60 ni za kusagia, 80 hadi 100 za kumalizia. Jiwe la kijani ni la kabaidi, usilipotezee muda. Kabla ya kufunga jiwe jipya lininginize kwa kidole uligonge taratibu kwa mpini wa bisibisi: likilia wazi ni zima, likitoa sauti iliyokufa lina ufa, litupe. Pengo kati ya kiegemeo cha kisu na jiwe lisizidi milimita 3. Vaa miwani, vua glovu za kitambaa, na usisage kwa ubavu wa jiwe ambalo halikutengenezwa kwa kazi hiyo.

1. Lichonge jiwe kwanza. Likiwa linang'aa au lina bonde katikati, litapasha kisu moto tu. Pitisha kichongeo kushoto na kulia mpaka uso uwe sawa na mkwaruzo.

2. Tengeneza kabari ya mbao ngumu yenye urefu wa milimita 100, unene sifuri upande mmoja na milimita 7 upande wa pili. Hiyo ni digrii 4 kamili kwa matumizi yetu. Ilaze kwenye kiegemeo kilichosawazishwa, upande mnene ukielekea jiwe, kwenye urefu wa kitovu cha jiwe. Kisu kikikaa juu yake uso ukitazama juu, makali yatatoka mbele kuliko kisigino bila kubahatisha.

3. Paka uso wa kisu wino wa kalamu ya rangi, chora umbo unalotaka kwa kikwaruzo. Kwa kisu kinachokata meza ikisogea upande mmoja, ubavu unaokata uache na mlalo wa digrii 15 hivi kuelekea puani.

4. Saga ubavu huo hadi kwenye mstari, ubavu ukielekea jiwe na kisu kikiwa juu ya kabari. Isogeze kazi kushoto na kulia muda wote. Ukibonyeza mahali pamoja utachimba jiwe na kuunguza kisu.

5. Saga ncha, kabari ikiwa palepale. Ubavu usiokata utoe kidogo tu, usiguse chuma kinaporudi.

6. Sasa mwinamo. Ulaze uso kwenye jiwe kwa pembe uliyochagua, uanze mbali na makali na kuyasogelea polepole. Acha mara mkwaruzo unapoufikia mstari wa makali. Ukiupita unakuwa umeyashusha makali, na hatua ya 4 na ya 5 unazirudia.

7. Vunja kona ya pua kwa kuizungusha polepole kwenye jiwe, kisigino kikiwa bado chini ya makali. Kazi hii ni ya sekunde chache.

8. Maliza kwa jiwe la mafuta. Lilaze ligusane na makali na kisigino kwa pamoja. Jiwe la mviringo limeacha bonde dogo katikati, kwa hiyo unasugua mistari miwili myembamba tu. Piga ncha, ubavu, kisha uso, mpaka kile kiunyoya cha chuma kwenye makali kitoke.

Hai spidi ikigeuka buluu wakati wa kusaga si msiba, inavumilia joto la nyuzi 500 na zaidi. Kinachoiua ni kuichovya kwenye maji ikiwa moto sana: inapata nyufa ndogo usizoziona, na makali yanadondoka kazini. Aidha chovya mara kwa mara kabla haijapata moto, au iache ipoe kwa hewa. Chuma cha kaboni ni kinyume chake. Hicho chovya kila sekunde mbili tatu, na buluu ikitokea kwenye makali hakuna dawa ila kusaga hadi uipite.

Kupima pembe ya nafasi hakuhitaji chombo cha gharama. Kisimamishe kisu juu ya kipande cha kioo, mwili wake ukiegemea pembemraba. Makali yataigusa kioo na kisigino kitaning'inia. Kwa kisu chenye unene wa milimita 8, digrii 4 ni pengo la milimita 0.56 kwenye kisigino. Kwa kile cha 10, milimita 0.7. Ingiza geji ya majani (vibati vyembamba vya kupimia mapengo) ya 0.55: ikiingia kwa kujikuna kidogo, umepata. Isipoingia kabisa, kisu kitasugua. Ikipwaya, umesaga mno.

Ukali wenyewe upime kwa mwanga. Geuza makali chini ya taa: ukiona mstari mweupe unaong'aa, huo ni ubutu unaorudisha mwanga. Makali makali hayaonekani.

Kukifunga kwenye mashine

Kisu kizuri kikifungwa vibaya ni kazi bure. Kitoke chini ya kishikio kwa urefu mdogo uwezekanao, milimita 15 hadi 20 kwa kisu cha mraba wa 8. Kichwa nacho usikishushe sana kwa skrubu yake. Ni afadhali kuinua meza.

Kile kibao chenye bawaba kinachomuinua kisu wakati wa kurudi kiwe huru lakini kisichezecheze. Kikitikisika kushoto na kulia hata kwa unywele, hakuna kunoa kutakakoondoa mistari kwenye kazi. Safisha chenga nyuma yake kila unapobadilisha kisu, maana chenga moja ikibanwa hapo kisu kinakaa upande. Ukikata uso wa wima, kilaze kibao ili sehemu yake ya juu iende mbali na uso unaokatwa. Ukikiacha wima, kisu kinaporudi kinaukwaruza uso uleule uliomaliza kuunyoosha.

Sababu kubwa ya kisu kuzama ni mahali makali yalipo, kuliko hata ukali wake. Nguvu ya kukata inakisukuma kisu nyuma, nacho kinapinda kidogo kuanzia pale kilipobanwa. Makali yakiwa mbele ya sehemu hiyo, kupinda nyuma ni kushuka chini: kinakula zaidi, kinapinda zaidi, kinashuka tena, na ramu inasimama ghafla. Makali yakiwa sawa au nyuma yake, kupinda ni kupanda na kujiondoa. Ndiyo maana visu vya zamani vilifuliwa vikawa na shingo kama ya bata. Usiye na tanuri tumia kishikio kinachobeba kisu kidogo, na ukigeuze ili kisu kikae upande wa nyuma, kuelekea nguzo. Badiliko hilo moja linaiponya mashine iliyokuwa ikihukumiwa kuwa mbovu.

Panga safari ianze milimita 15 kabla ya kazi, ili kibao kipate muda wa kuanguka mahali pake, na iishe milimita 5 hadi 10 baada ya kazi. Anza na kina cha milimita 0.2 kwa chuma laini na meza kusogea 0.15 kila safari. Ukiona bega linaruhusu, ongeza kina kabla ya kuongeza hatua ya meza.

Visu vingine vya kuwa navyo

Kwa kumalizia, vitabu vitakuambia unoe kisu kipana chenye ncha bapa. Kwa mkono kipana hicho ni mateso. Noa ncha ya milimita 3, kona zote mbili zikiwa zimevunjwa kwa jiwe la mafuta, kata kina cha milimita 0.03 hadi 0.05 na meza isogee milimita 1. Kizuri zaidi ni kisu cha kukata mshazari: ncha yenye tao kidogo sana, iliyonolewa ili makali yalale digrii 25 hadi 30 kwa mwendo wa ramu. Kinachinja badala ya kusukuma, chenga zake ni nyembamba mno, na kwenye chuma laini kinaacha uso ambao tupa haiwezi kuugusa bila kuuharibu. Hakipendi kina kirefu, ukizidi 0.08 utaona kimekata tamaa.

Kisu cha mifereji kiwe na upana wa milimita 3, nafasi ya digrii 4 chini na digrii 1 hadi 2 kila ubavu, tena kipungue kidogo kuelekea juu ili kisibanwe na kuta. Shusha 0.05 kila safari. Mfereji wa kii (kabari ya chuma inayofunga puli kwenye shafti) ndani ya puli hukatwa na kisu hichohicho kikiwa kimebebwa na ufito, na hapo kibao cha bawaba inabidi ukifunge kisifunguke, kwa kuwa ndani ya tundu hakuna nafasi ya kisu kuinuka. Kitasugua kikirudi. Kubali, tia mafuta, na ukinoe mara nyingi zaidi.

Kwa mkia wa njiwa, yaani mfereji wenye kuta zilizoinama, wa digrii 60, noa ncha iwe na pembe ya 55 ili makali yaguse upande mmoja kwa wakati, wa chini au ule ulioinama, kamwe si zote mbili.

Tabia za vyuma

Chuma cha kusubu kina ngozi ngumu yenye mabaki ya mchanga wa kalibu. Ukikikwaruza kwa kina cha 0.1 kisu kinakufa ndani ya dakika. Toa ngozi kwanza kwa tupa kuukuu pale kisu kitakapoingilia, kisha ingia chini yake kwa pigo moja, 0.5 au zaidi, hatua ya meza ikiwa ndogo. Usitie mafuta, vumbi lake likichanganyika na mafuta linakuwa dawa ya kusaga reli za mashine. Ukingo ambao kisu kinatokea utoe kona kwa tupa, la sivyo utameguka.

Chuma laini kinataka tone la mafuta ya kukatia kwa brashi. Alumini inataka mafuta ya taa, vinginevyo inaganda kwenye makali na kuanza kuchana. Shaba njano ikatwe kavu, na ukiitumia kisu chenye mwinamo wa chuma laini itakivuta chini bila onyo.

Ukiona hivi

Mawimbi yaliyo sawasawa kwenye uso ni mtetemo: punguza pua, fupisha kisu, kaza gibu (vibao vinavyoibana ramu kwenye reli zake), kwa mpangilio huo. Uso uliochanika kama kitambaa ni mwinamo mdogo au makali butu. Uso unaong'aa lakini kisu kinateleza juu bila kukata, kisigino kinasugua, rudi kwenye kioo na geji. Mstari mmoja mrefu unaojirudia kila safari ni kiunyoya kilichobaki puani, na kinatoka kwa kusugua mara tatu kwenye jiwe la mafuta bila hata kukifungua kisu.

Kazi ikiwa na mteremko kutoka mwanzo hadi mwisho wa meza, usiulaumu unoaji mara moja. Tazama kisu: kama makali yamepata mstari mweupe, yameisha njiani na kisu kimekuwa kikipanda kidogo kidogo. Kama bado ni makali, kagua jiliwa linalobana kazi na kilichokaa chini ya kazi.